Mize na Wakfu wa Bi Time

Paukwa!
Pakawa!
Kibao cha mbuzi kiko wapi?
Umekikalia wewe!

Nimekikalia, na siondoki mpaka nimalize. Wewe unayetafuna njugu kule nyuma, zitie mfukoni. Nisikilizeni.

Hapo kale, bibi zetu hawajaota meno, palikuwa na mjane akiitwa Bi Time. Alizaa mtoto mmoja tu, Faki. Faki akiwa bado ananyonya, jirani yao akafariki, akaacha kitoto kichanga, Mize. Bi Time akakichukua. Faki ziwa hili, Mize ziwa lile. Wakakua pamoja, wakapigana pamoja, wakala sinia moja.

Bi Time alipozeeka akaiweka nyumba yake wakfu. Hati ikaandikwa: "Nyumba hii haiuzwi. Wakae humo wanangu, maisha yao yote." Basi. Hakutaja jina la mtu. Kwani mama huwahesabu wanawe mbele ya karani? Akafa, Mungu amrehemu.

Mize akakaa chumba cha uani, akapika vitumbua. Ah, vitumbua vile! Faki akaoa Bi Raya, mwanamke wa macho makali na ulimi mkali zaidi. Bi Raya akakitaka chumba cha uani amweke mama yake. Akasema leo, akasema kesho, akasema mtondo. Faki masikio yakamchoka. Akamwambia Mize, "Funga virago. Hati yasema wanangu, na wewe mama hakukuzaa."

Mize akalia. Hakuwa na pengine pa kwenda. Siku ya kwanza akalia, siku ya pili akalia, siku ya tatu akanawa uso, akaenda kushitaki.

Mji mzima ukajaa kwa Kadhi. Kadhi akaisoma hati, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mize, nani shahidi kwamba Bi Time alikunyonyesha, akakuita mwanawe?"

"Wamezikwa wote, Bwana Kadhi. Kabaki mmoja tu, Faki."

"Faki, huyu ni nduguyo?"

Faki akamtazama mkewe. "Si ndugu yangu."

"Hamkunyonya ziwa moja?"

"Hatukunyonya."

"Hamna udugu wowote?"

"Hata chembe!"

Jamani! Ningekuwapo mimi ningemrushia kiatu.

Mize akasimama, akajitanda kanga yake vizuri. "Bwana Kadhi, kumbe Faki ni mtu baki! Nami sina mume, na ile nyumba naipenda. Basi anioe. Mahari yangu kitumbua kimoja. Mashahidi hawa hapa. Tufunge sasa hivi."

Kadhi akaficha kicheko ndani ya ndevu. "Kama si ndugu, ni halali. Faki, lete mkono."

Bi Raya akaruka. "Ati nini? Mke mwenza? Nyumbani kwangu?"

"Lete mkono, Faki."

Faki akauficha mkono mgongoni. "Astaghfirullahi! Haiwezekani! Ni haramu!"

"Haramu kwa nini?"

"Ni dada yangu! Tumenyonya ziwa moja! Nilimng'ata sikio tukigombea mapaja ya mama!"

"Dada yake kabisa!" akalia Bi Raya. "Kaniambia mwenyewe!"

"Karani, andika," akasema Kadhi. "Bi Time alikuwa na wana wawili. Chumba ni cha Mize, maisha yake yote."

Vigelegele! Hata Bi Raya alipiga, tena vitatu, kwa furaha ya kuponea chupuchupu.

Asubuhi yake harufu ya vitumbua ikamvuta Faki mpaka mlango wa uani.

"Hodi!"

"Nani?"

"Faki."

"Faki yupi?"

"Nduguyo."

"Sijasikia."

"Nduguyo, Mize!"

"Sema tena, vitumbua havijaiva."

"Nduguyo! Nisamehe, dada yangu."

Mlango ukafunguka. Mize akampa kitumbua cha kwanza, kile cha moto kabisa, kama alivyokuwa akifanya mama.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imeingia ndani. Nami nakiacha kibao. Mwenye nazi na akune.