Vihori Vinane na Wakwe wa Diwani

Leo sitaki amina za haraka. Wapo humu ndani watu wanaotoa amina kabla sijamaliza sentensi, kama abiria anayeshuka gari halijasimama. Mzee Mhina, sikutazami wewe, usiiname. Nawaomba mnyamaze mpaka nimalize mfano huu, halafu nitawauliza swali moja tu, na nataka mnijibu kwa ukweli, si kwa dini.

Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akikodisha vihori kwenye mto unaomwaga maji yake baharini. Kihori mnakijua, chombo kidogo, watu wawili watatu, kila mtu na kafi lake la kupigia maji. Huyu mama alikuwa navyo vinane, amevipaka rangi kwa mkono wake, anavifunga pale gatini, karibu kabisa na mlango wa mto. Wageni walikuwa wanakuja kutoka bara, wanakodi, wanapanda na mto kwenda kuangalia mikoko na kima na ndege, wanakula chakula chao kwenye mchanga wa ukingoni huko juu, kisha wanarudi kabla jua halijazama. Kazi safi. Alisomesha watoto watatu kwa kazi hiyo, na mume hakuwepo. Sisemi alikufa, sisemi alikimbia. Hakuwepo.

Sasa mto ule una tabia yake. Maji yanatoka milimani, lakini mwenye amri ni bahari. Bahari ikijaa, maji yanarudi nyuma, yanapanda mto. Unakaa kwenye kihori, kafi unaligusa tu, unapelekwa. Yakifika juu yanasimama kidogo. Halafu yanageuka. Na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu na bahari imejaa kupita kawaida, yakigeuka yanageuka kwelikweli! Yanashuka mbio, yanapita gatini bila hata kusalimia, yanakwenda kugombana na mawimbi kule mlangoni pa bahari. Mtu asiyezoea kafi, akichelewa huko juu, gati ataliona likimpita hivi hivi.

Kwa hiyo mama alichomeka mti wa mkoko kwenye tope, akaupiga mstari mweupe. Sheria yake ilikuwa moja. Maji yakiufunika ule mstari, hakitoki kihori. Uwe nani, ulipe nini, hakitoki. Wenye safari yao wameshatoka mapema na maji yanayopanda, na watashuka wakati maji ndiyo kwanza yanageuka, hayajapata nguvu. Aliyechelewa aje kesho.

Ugumu wake ulikuwa hapa. Ile saa mstari unapofunikwa ndiyo saa mto unapopendeza kuliko saa zote. Tope huoni. Mizizi ya mikoko huoni. Maji yamejaa ukingo kwa ukingo, yametulia tuli, mawingu yote yamo ndani yake. Mgeni akifika saa hiyo anashika kiuno, anasema, "Jamani, hapa ndipo!" Na mama anamwambia, "Hapana." Ninyi mnafikiri hiyo ni kazi rahisi? Kila siku kumkatalia mtu kitu kizuri anachokiona kwa macho yake mawili?

Basi siku moja ya bamvua, saa tisa na nusu alasiri, akatokea diwani. Diwani wa kwenye mfano, jamani, msianze kugeuza shingo. Alikuwa na wakwe. Binti yake ameposwa, na wazazi wa kijana wamekuja na ndugu zao kutoka bara kujuana. Asubuhi yote walikuwa kwenye pilau na hotuba, wakachelewa. Na tangu simu ya kwanza diwani alishawaahidi mto. Sasa mnamjua mtu mbele ya wakwe anavyokuwa. Hataki kuambiwa hapana hata na mbwa wake. Baba mkwe ameshavua viatu, amekunja suruali. Mama mkwe amekumbatia kapu la machungwa.

Diwani akasema, "Mama, habari za kazi. Tupatie vinne."

"Nzuri, mheshimiwa. Karibuni sana, wageni. Ila leo mmechelewa, mstari umeshafunikwa. Njooni kesho saa saba mchana, nitawapa vile vizuri."

"Kesho wanaondoka na basi la asubuhi."

"Aa, poleni."

"Pole ya nini? Hebu tazama maji yalivyotulia!"

"Yametulia kwa sababu yanataka kugeuka, mheshimiwa."

Diwani akacheka kicheko kile cha kuwaonyesha wageni kwamba mambo yako sawa. Kisha akamsogeza mama pembeni, akashusha sauti. "Usiniaibishe mbele ya wakwe zangu. Hapa gatini unakaa kwa kibali, na kibali nilikupa mimi."

Mama hakushusha sauti. Akasema, na wote wakasikia, "Kweli, kibali ulinipa wewe. Maji hukunipa wewe. Na kile kibali nilipewa ili nirudishe watu, si ili niwatoe tu. Hawa wakwe zako ni watu, mheshimiwa. Siwatoi."

Pale gatini alikuwepo jirani yake, naye ana vihori vitano. Akamvuta kanga. "Dada, ubishi wa nini? Mwenye nguvu mpishe!"

"Mpishe wewe," mama akamjibu. "Mimi sisogei."

Jirani akampisha. Tena akampisha kwa haraka, akavuta vihori vinne, akaingia mwenyewe cha mbele awaongoze, na diwani akiwa anapanda akageuka akasema, "Tutaona nani ataendelea kukaa hapa." Wakaenda. Wanaimba.

Mama akabaki. Maji yakasimama. Maji yakageuka. Akayaona majani makavu juu ya maji yanaanza kuelekea baharini, kwanza kama yanajivuta, halafu mbio. Saa kumi na moja hawajaonekana. Saa kumi na moja na nusu hawajaonekana. Akachukua kamba yake ndefu, akaenda akasimama ncha ya mwisho ya gati, ile iliyo karibu na bahari, ili wakipitilizwa awarushie. Mnamwona? Wamempuuza, wamemtishia, naye amesimama na kamba, anaomba, "Mungu, warudi. Mungu, warudi tu."

Na kweli, wakatokea kwenye kona. Vihori vinne, vinakuja kasi, maji yanaruka pembeni. Mama akaishika kamba vizuri. Wakakaribia gati. Wakalifikia gati.

Wakashika nguzo. Wakafunga. Wakashuka wote, wamelowa magoti, wanacheka. Baba mkwe anasema hajawahi kufurahi hivyo tangu azaliwe. Mama mkwe anagawa machungwa. Diwani akampita mama pale aliposimama, akamtazama mkononi. "Kamba ya nini, mama? Unataka kuanika nguo?"

Gati zima likacheka. Jirani naye akacheka.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Mama aondoe vihori vyake gatini ndani ya siku saba kwa sababu anawasumbua wageni. Akaisoma mara mbili, akaikunja. Hakwenda kupiga magoti kwa mtu. Akahamisha vihori vyake hadi ng'ambo, kwenye ukingo usio na gati, ambako mteja anakanyaga tope mpaka gotini ndipo akipate chombo. Wateja wakapungua, mnataka niwadanganye? Wakapungua sana. Mtoto wake wa mwisho akakaa nyumbani muhula mzima. Lakini kule ng'ambo, kabla hajafunga hata kihori kimoja, alichomeka mti na kuupiga mstari. Na mwaka ule wote, pande zote mbili za mto, hakuzama mtu.

Mfano umekwisha.

Mbona mnanitazama? Mnangoja nini? Nimesema umekwisha!

Haya, swali langu ndilo hili. Nani humu ndani alikuwa anangoja diwani azame? Nyosheni mikono. Nataka kuiona. Mama Semkiwa, Mungu akubariki kwa ukweli wako, shusha mkono. Na ninyi wanakwaya, mikono yenu iko wapi? Nilikuwa nawaona. Nilipotaja ile kamba mlisogea mbele kwenye mabenchi. Mlishamzika yule bwana!

Ngojeni, msione haya peke yenu. Mimi mwenyewe, jana nilipokuwa naandaa mfano huu, niliwazamisha. Niliwazamisha wote, mpaka mama mkwe na machungwa yake. Nikapumua, nikajiambia, mfano mzuri huu, utawaingia. Halafu nikakaa nikajiuliza, hivi yule mama wa watu amekosa nini? Amekuja kumwona mkwe, amekula pilau, mimi nimemuua. Kwa nini? Ili mwenye haki wangu aonekane ana haki! Nilichana ile karatasi, na nawaambia wazi, niliona aibu.

Kwa sababu ndivyo tulivyo sisi. Tunataka haki yenye maiti. Tukimwona mtu anafanya uovu, tunakaa kando na kusema, "Mwache, Mungu atamwonyesha." Mwaka unapita, Mungu hajamwonyesha. Amejenga ghorofa. Amenunua gari la pili. Jumapili anakaa pale mbele, na tunampisha kiti. Hapo ndipo tunaanza kunong'ona, "Kumbe haina shida. Kumbe sisi ndio wajinga." Tulikuwa tunashika haki kwa kuogopa kuzama tu. Tukishaona hazami mtu, tunaingia chomboni na sisi, tena kwa wimbo.

Siku ile walirudi salama, na mimi namshukuru Mungu kwamba walirudi. Lakini kurudi kwao hakumfanyi mama kuwa mwongo. Mama hakuwa mganga, hakusema, "Leo mtakufa." Alisema, "Siwatoi." Ni kwamba hakukubali kucheza kamari na roho za watu ili mkubwa mmoja asione haya mbele ya wakwe. Basi. Wangezama alikuwa na haki, wamerudi ana haki, na kule ng'ambo kwenye tope bado ana haki!

Na sisi? Fundi, wewe uliyeambiwa upunguze saruji kwenye nguzo, usimwambie mwenye jengo litaanguka. Huenda lisianguke. Huenda likasimama miaka hamsini, wajukuu wake wakacheza humo. Mwambie, "Sifanyi." Mwalimu, uliyeambiwa umwongezee alama mtoto wa mkubwa, usijifariji kwamba mtoto huyo atakuja kufeli mbele ya safari. Anaweza akawa waziri! Mwambie baba yake, "Siandiki." Nesi, uliyeambiwa uwaruke wagonjwa kumi kwenye foleni kwa ajili ya mtu aliyepiga simu, sema, "Angoje na wenzake."

Watakucheka, nisiwafiche. Watakuhamisha. Mwenzako aliyekubali atapewa kiti chako na atakaa vizuri tu, miguu mbele, na wewe utapita hapo ukiwa na viatu vyenye tope. Usisimame pale ukingojea aanguke ndipo roho yako itulie. Ulikuwa na haki saa ile ile ulipokataa, wakati hujui nani atarudi na nani hatarudi.

Kesho ni Jumatatu. Yupo mtu humu ndani anayesubiriwa saa mbili asubuhi, na anajua anasubiriwa na nani, na anajua ataambiwa nini. Simtaji, sina haja. Ndugu yangu, dada yangu, nenda. Vaa vizuri, kunywa chai yako, fika mapema, umsalimie kwa heshima.

Kisha kataa.