Betri ya Mlinzi wa Ndiva

"Betri iliyochoka haiagi." Mmeisikia leo sokoni, kinywani mwa yule mama aliyekuwa akimsema mwanawe kwa kuahirisha kumpeleka bibi yake kliniki, nanyi mmerudi mnacheka kwamba siku hizi hata simu zina methali. Haya, kaeni. Shikeni tangawizi hii tuikwangue udongo pamoja, nami niwaambie ilikotoka. Usemi huo ulizaliwa hapa hapa milimani kwetu, ninyi mkingali mnabebwa mgongoni, na mtu wa kwanza kuambiwa maneno hayo ni mimi shangazi yenu.

Mnaijua ndiva ya juu, lile bwawa la mawe na udongo tulilorithi kwa mababu. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, na asubuhi mlinzi huyafungulia yateremke mferejini hadi mashambani, kila mmoja kwa zamu yake. Zamani mlinzi alipuliza pembe ya tandala kabla ya kufungua, ili aliye mferejini atoke. Simu zilipoingia, mkutano wa wenye zamu ukaamua pembe ipumzike, mlinzi awe anapiga simu. Pembe ikatundikwa ukutani nyumbani kwake, ikawa kiota cha manyigu.

Mlinzi wa wakati huo alikuwa Mzee Mrutu, mgane mpole, mtu wa maneno machache. Mkewe, Mama Nanzia, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, katika hospitali ya mjini. Alimwachia binti mmoja tu, Nanzia, rafiki yangu wa kwaya. Nanzia ndiye aliyemnunulia baba yake simu ya kupangusa, na mzee aliitunza ndani ya leso kama mtu anavyotunza hati ya shamba.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo juzi tu, nimefungua kibanda cha kutengeneza simu pale njia panda. Siku moja Mzee Mrutu akaja, akaifungua leso.

"Inazima hovyo, fundi. Inaonyesha thelathini, mara giza."

Niliishika. Ilikuwa na joto la chapati iliyotoka kikaangoni, na mfuniko wake wa nyuma umeanza kuinuka.

"Baba, betri imechoka. Ikianza kuzima ingali inaonyesha thelathini, hesabu yake si ya kweli tena. Na tumbo hili unaliona? Imevimba. Niachie saa moja niibadilishe."

"Utaifungua?"

"Nitaibadilishaje bila kuifungua?"

Akainyakua mezani. "Baada ya mavuno," akasema.

Mavuno yakaja, yakapita. Akarudi, mfuniko sasa ameufunga kwa mpira wa kufungia mboga. Nikamwambia yale yale. Akaniambia, "Nitakuja Jumatatu." Kibandani palikuwa na watu, nami ulimi wangu wakati ule ulikuwa mrefu kuliko akili.

"Jumatatu ya mwaka gani, baba? Hela ya tangawizi yote ile unayovuna unaiweka wapi? Unataka tukuzike nayo?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka kidogo, akaifunga simu yake kwenye leso, akaondoka. Nilimhesabu kuwa bahili, basi. Sikumuuliza anaogopa nini.

Ikafika siku ya msaragambo. Kila kaya ilitoa mtu mmoja kwa ile kazi ya pamoja ya kuzoa matope mferejini. Kwetu nilikwenda mimi, kwao alikwenda Nanzia. Mzee Mrutu alibaki peke yake juu, akilinda ndiva iliyofungwa, simu mkononi. Nanzia alikuwa amepewa kazi ya kupokea simu yake, kwa kuwa mikono ya viongozi wetu ilikuwa matope matupu.

Tulikuwa kumi na mmoja, tukafika mahali panapoitwa Kooni, ambapo mfereji hupita kati ya miamba miwili mirefu kuliko mtu. Kwetu jua lilikuwa kali. Lakini nyuma ya kilele, tusikokuona, mvua ilikuwa ikimwagika tangu asubuhi, na kijito kilikuwa kinajaza ndiva kwa kasi ambayo mzee hakuwahi kuiona.

Simu ya Nanzia ikalia. Akajipangusa mikono kwenye kanga, akapokea.

"Haloo, baba?"

 Akaiondoa sikioni, akaitazama.

"Kasema 'Nanzia', halafu ikakatika."

"Piga wewe," mtu mmoja akamwambia.

Akapiga. "Haipatikani."

Hapo nikasema mimi. Wapo walionisikia, na bado wako hai. Nilisema, "Si ile betri yake! Mwache, atapiga akishachaji. Labda anauliza ugali umewekwa wapi."

Tukacheka wote. Nanzia naye alicheka, lakini akabaki na simu mkononi. "Sauti yake haikuwa ya ugali," akasema.

"Nanzia, unakwepa matope?" nikamtania. "Ingia kazini, dada!"

Akaiweka simu juu ya jiwe, akaingia Kooni na karai lake, akawa wa mbele kabisa. Mimi nilipanda ukingoni kumwaga matope yangu. Nilikuwa nimeliinua karai usawa wa kifua nilipousikia mlima unanguruma.

Mzee alituambia baadaye yaliyotokea huko juu. Aliona ukuta wa ndiva unatoa jasho, halafu unatoa maji, halafu jiwe moja likang'oka. Simu ilimwonyesha thelathini na mbili. Akapiga, akalitaja jina la mwanawe, na kioo kikawa cheusi. Aliibonyeza, aliipuliza, aliitia kwapani. Pembe ilikuwa nyumbani, ukutani, pamoja na manyigu. Akakimbia kuteremka huku akipiga kelele, lakini maji hayana magoti ya mzee. Yalimpita njiani.

Waliokuwa nyuma walishikana mikono, tukawavuta. Tulitoka watu kumi. Nanzia tulimpata chini, kwenye migomba, kanga yake ikiwa bado imefungwa vizuri kiunoni.

Msinitazame hivyo. Endeleeni na tangawizi.

Matanga yalipokwisha, Mzee Mrutu akaja kibandani. Niliona leso kabla sijamwona yeye, nikasimama. Nilidhani amekuja kunilaani, na ningeipokea laana hiyo.

"Ifungue," akasema. "Sasa nifungulie."

"Baba..."

"Mna sauti ya mama yake humo. Alinitumia akiwa hospitali. Naisikiliza kila asubuhi kabla sijapanda ndivani. Jirani yangu aliniambia simu yake ilipofunguliwa na fundi, kila kitu kilifutika. Basi nikaona nivumilie giza lake kuliko kuipoteza sauti." Akakaa kwenye benchi. "Sasa sina cha kuogopa. Ikifutika, na ifutike."

Nilibadilisha betri ile. Haikuchukua hata saa niliyomwambia. Simu ikawaka. Nikampa, akabonyeza mwenyewe, kwa kidole kilichozoea njia.

"Baba Nanzia," sauti ya mwanamke ikasema, yenye kikohozi na kicheko, "mbuzi umewafungia? Mimi sijambo. Daktari anasema Jumamosi naruhusiwa. Mwambie Nanzia asisuke nywele, nitamsuka mimi."

Mnafahamu kwamba hiyo Jumamosi hakuiona.

Mzee aliisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ipo," akasema.

"Ipo, baba. Sauti haikai kwenye betri. Haingefutika."

"Ungeniambia, mwanangu."

Ningeweza kumjibu kwamba sikujua anachokiogopa. Lakini sikumuuliza. Nilikuwa na nafasi mara mbili: ya kwanza nikaiacha ipite, ya pili nikaitumia kuchekesha watu. Nikapiga magoti pale kwenye sakafu ya udongo, nikamwambia niliyoyasema Kooni siku ile, neno kwa neno.

 Akaiokota betri kuukuu mezani, ile iliyovimba, akaipima kiganjani kana kwamba ni yai.

"Mama yake alisema hajambo," akasema. "Hii ilisema thelathini na mbili. Betri iliyochoka haiagi, fundi."

Akaondoka nayo. Nasikia aliifukia nyuma ya nyumba. Ndiva ilipojengwa upya alirudi kuilinda, na tangu siku hiyo hadi leo mlinzi hupanda na simu na pembe, vyote viwili. Na mimi, kila anayeleta simu na kusita, huuma ulimi wangu kwanza. Namuuliza, "Unaogopa kupoteza nini?" Wengi huwa na jibu.

Kwa hiyo yule mama wa sokoni hakuwa akizungumzia simu. Bibi yake huyo kijana anaanguka mara mbili kwa wiki, akiinuka anasema ni kizunguzungu tu, na mjukuu anasema Jumatatu. Mkipita kwao kesho, msicheke. Mwambieni tena huyo kijana, taratibu, na mumuulize anaogopa nini, kwa maana betri iliyochoka haiagi.