Safari Aliyoikataa Nakiete

Isome hii taratibu hadi mwisho, kisha umpelekee kijana unayemjua anayetafuta kazi yake ya kwanza.

Alikuwapo binti mmoja wa Upareni, jina lake Nakiete, aliyekuwa amemaliza mafunzo ya urubani. Alikuwa na leseni mpya, saa mia mbili za kuruka, na barua mbili za kazi ndani ya mkoba wake.

Barua ya kwanza ilitoka kwenye kampuni kubwa ya ndege. Walimwahidi sare, nyumba na mshahara mzuri. Ila kwa miaka miwili ya mwanzo angekaa ofisini akipanga zamu za marubani wengine, mpaka kiti cha rubani kipatikane.

Barua ya pili ilitoka kwa tajiri mmoja mwenye ndege yake binafsi. Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kazi ilikuwa kuruka pale tajiri atakapojisikia kusafiri, na mwaka uliopita alijisikia mara nne tu. Hiyo Nakiete aliikataa mapema.

Kulikuwa na nafasi ya tatu, ambayo haikuwa na barua. Nje kidogo ya mji wa Singida, mama mmoja aliyeitwa Kapteni Zamda alikuwa na ndege tatu za injini moja. Zilibeba chanjo, walimu, wapima ardhi, na mara nyingine vifaranga vya kuku. Zilitua kwenye viwanja vya vumbi, ambako mtu hutangulia kufukuza mbuzi ndipo ndege ishuke.

"Njoo ukae wiki moja nikuone," Kapteni Zamda alimwambia kwenye simu. "Ijumaa nitakwambia kama unanifaa."

Kampuni kubwa nayo ilitaka jibu Ijumaa hiyohiyo, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Mjomba wake, mzee Eliapenda, hakuona cha kufikiria. "Mwanangu, kampuni kubwa inakuita, wewe unakwenda kubeba vifaranga?"

"Mjomba, kule nitaruka kila siku. Kwenye kampuni kubwa nitapanga karatasi."

"Karatasi zina kiyoyozi," alisema mjomba.

Nakiete alikwenda Singida. Mjomba hakuridhika, ila alimpenda mpwa wake. Alhamisi alipanda basi na majirani wawili kutoka Same ili waone kwa macho yao mtoto wa dada yake akirusha ndege. Ijumaa saa tano asubuhi walikuwa wamesimama kwenye uzio wa waya, wamevaa nguo za kanisani.

Siku hiyo kulikuwa na safari ya kwenda Mlowoka, kijiji cha mlimani chenye kiwanja kifupi. Abiria walikuwa wanne: kiongozi mmoja, ambaye watu wote walimwita Mheshimiwa, pamoja na wasaidizi wake watatu. Alikuwa mgeni rasmi wa fainali ya mpira, na alibeba maboksi manane ya jezi na kikombe kirefu cha kufika kiunoni.

"Leo rubani ni wewe," Kapteni Zamda alimwambia Nakiete. "Mimi nitakaa pembeni yako."

Pale uwanjani palikuwa na desturi moja. Ndege ndogo haibebi kwa kukisia, kwa hiyo kila mtu na kila mzigo hupimwa kwenye mizani ya magunia, mbele ya watu wote. Kapteni Zamda ndiye aliyekuwa akipanda wa kwanza, ili abiria wasione haya. Alipanda. Kilo sitini na nane.

"Mheshimiwa, karibu," alisema Nakiete.

"Andika sabini na tano," Mheshimiwa alimjibu, huku akiendelea kusoma simu yake.

"Samahani mzee wangu, mpaka mizani iniambie."

Mheshimiwa alitazama huku na huku, akapanda. Mizani ilisema mia moja na tisa. Msaidizi mmoja alikohoa. Mwingine alianza kukagua kamba za viatu vyake.

Nakiete alipima watu wote, maboksi yote, na kikombe. Alijipima na yeye mwenyewe. Kisha alikaa kwenye kivuli cha bawa na karatasi yake, akajumlisha, akarudia kujumlisha. Mzigo ulizidi kwa kilo mia moja thelathini na nane. Zaidi ya hapo, jua lilikuwa limeshapanda. Hewa ikiwa ya moto huwa nyepesi, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae.

Alisimama. "Mheshimiwa, mzigo umezidi. Naomba mtu mmoja abaki na maboksi yapungue, nitarudi kumchukua pamoja nayo. Au tusubiri saa kumi jua likipoa, twende kwa safari mbili."

"Fainali inaanza saa nane, binti. Na hapa habaki mtu wala jezi."

"Punguza mafuta," alisema msaidizi.

"Mafuta ndiyo yatakayoturudisha."

"Basi Kapteni ashuke."

"Hata akishuka, bado zinazidi kilo sabini. Na leo siruhusiwi kuruka bila yeye."

Mheshimiwa alimgeukia Kapteni Zamda. "Kapteni, mtoto wako ananihesabia kilo kama mahindi. Sema neno."

Kapteni Zamda alikuwa akipangusa miwani yake. "Leo rubani ni yeye, Mheshimiwa. Mimi hapa ni mzigo wa kilo sitini na nane."

Basi wote wakamtazama Nakiete. Upande wa pili wa uzio, mjomba Eliapenda alikuwa ameinua simu yake tayari kupiga picha. Nakiete alijua kwamba akiwasha injini, mjomba atapata picha yake, Mheshimiwa atapata fainali yake, na huenda ndege ikapaa salama. Huenda. Neno hilo ndilo lililomshinda.

"Mimi sitaruka na mzigo huu," alisema.

Mheshimiwa aliita gari lake. Kabla ya kuingia alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye uzio, "Tafuta rubani, Kapteni. Huyu ni karani wa mizani."

Vumbi la gari lilipotulia, Nakiete alimrudishia Kapteni Zamda ufunguo wa ndege.

"Samahani, Kapteni. Nimekupotezea mteja mkubwa. Nitakwenda kuwaandikia kampuni kubwa kwamba nimekubali."

"Njoo ofisini kwanza," alisema Kapteni Zamda.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye meza na kabati la chuma. Kapteni alifungua kabati, akatoa daftari nene lenye jalada gumu, lililochakaa pembeni.

"Saa ulizoruka zimo kwenye kitabu chako cha urubani," alisema. "Humu naandika safari ambazo hazikurukwa. Soma."

Nakiete alisoma. Kila mstari ulikuwa na tarehe, jina la rubani na sababu. Ukungu. Tairi limechanika. Macho yanauma. Abiria amelewa. Katikati ya ukurasa wa nne alikutana na jina alilolijua, akasoma mstari ule mara mbili: *Heriel Kisamo. Alikataa kwenda Mlowoka. Mvua ya mawe. Abiria: bwana harusi.*

Alitoa barua ya kampuni kubwa ndani ya mkoba, akatazama sahihi iliyokuwa chini yake. Iliandikwa: Kapteni Heriel Kisamo, Mkuu wa Marubani.

"Ni huyuhuyu?"

"Ni huyuhuyu. Alikaa kwangu miaka mitatu. Bwana harusi alinitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia tena. Alioa kesho yake, na sasa ana wajukuu." Kapteni Zamda alivaa miwani yake. "Kila mwaka Heriel hunipigia simu kuniuliza nina nani. Haniulizi kijana gani anarusha vizuri, maana kurusha wanafundishwa wote. Huniuliza nani yumo kwenye daftari."

Alimsogezea kalamu. "Andika mstari wako. Halafu uchague unapotaka, wala sitakulaumu. Ila kwangu kazi unayo tangu saa sita mchana, ulipokataa."

Nakiete aliandika jina lake pole pole, kama mtoto anayeandika siku ya kwanza darasani: *Nakiete Mshana. Alikataa kwenda Mlowoka. Uzito na joto.* Kisha, kabla saa kumi na moja haijafika, aliiandikia kampuni kubwa kuwashukuru, akawaambia kwamba angependa kufika kwao baadaye, akiwa rubani kamili.

Alipotoka nje, mjomba Eliapenda bado alikuwa pale kwenye uzio na majirani zake. Nakiete alimwendea akiwa ameinamisha kichwa.

"Shikamoo mjomba. Mmetoka mbali kote huko, na hamkuona ndege ikiruka."

"Marahaba." Mjomba alirekebisha kola ya koti. "Ni kweli yule mtu ulimpandisha kwenye mizani ya magunia?"

"Ni desturi ya hapa, mjomba."

"Na akakuamuru kuruka, ukakataa, mbele ya watu wote?"

"Ndiyo, mjomba."

Mzee aliwageukia majirani zake. "Mmesikia wenyewe, msije mkasema natia chumvi. Tukifika Same, mkiona nimesahau sehemu yoyote, nikumbusheni." Kisha akamshika mpwa wake begani kupitia waya. "Mimi nikisafiri kwa ndege, mwanangu, nitauliza kwanza kama rubani ni wewe."

Funzo: Kazi yako ya kwanza isipimwe kwa ukubwa wa jina lake wala kwa sare yake. Itafute ile ambayo mwenye nayo atakuheshimu siku utakapokataa jambo la hatari, kwa sababu huko ndiko utakakokomaa, na wakubwa watakuja wenyewe kukuulizia.