Spika Bondeni

Mkamia maji hayanywi. Waliosema hivyo hawakumkataza mtu kuwa na kiu. Kiu si kosa. Walimsema yule ambaye akikiona kisima hukurupuka, akatibua tope, kisha akamlaumu mwenye kisima. Watu wa namna hiyo bado tunao, na mmoja wao alipanda milimani asubuhi moja ya ukungu akiwa na kamera yenye lenzi nene kama mguu wa meza.

Mtu huyo alikuwa daktari wa meno. Katika safu ile ya vilima vyenye misitu alikwisha kuwaona ndege wote isipokuwa mmoja: ndege mdogo wa rangi ya majani makavu, mwenye koo jekundu, ambaye waongozaji walimwita Mtawa kwa kuwa hapendi kuonekana. Aliongozwa na mwanamke aliyejulikana kama Mama Darubini, maana darubini haikumtoka shingoni hata akienda sokoni. Walifuatana na mdogo wake wa kiume, naye mwongozaji, pamoja na mke wa daktari, aliyekuja kumpa mumewe kampani tu huku viatu vipya vikimng'ata visigino.

Waongozaji wa msitu ule walikuwa na mwiko mmoja. Mtawa akiwa na makinda, ni marufuku kumpigia sauti yake iliyorekodiwa. Dume akiisikia hudhani mwenzake amekuja kumnyang'anya bonde. Huacha kulisha, akahangaika kumtafuta adui asiyekuwepo, na makinda hufa njaa. Bonde la chini lilipoteza ndege wake hivyo hivyo. Mama Darubini aliwaokota makinda wale kwa mikono yake mwenyewe, na tangu hapo hakuwa na mzaha na jambo hilo.

"Tutakaa hapa kwenye gogo," alisema kwa sauti ya chini. "Kiota kiko kwenye ukingo ule wa kijito. Atapita mwenyewe."

"Atapita saa ngapi?" daktari akauliza.

"Hajaniambia."

Mkewe akacheka. Daktari alikaa kama aliyekalia siafu: mara asimame, mara abadili lenzi, mara agune. Mwishowe akamvuta pembeni yule mdogo mtu, wakanong'onezana.

"Dada, tunapanda hapo juu mara moja kutazama mandhari," mdogo wake akasema huku akitazama chini.

Mama Darubini aliona macho yale yakimkwepa, lakini damu ni nzito kuliko maji. Akamwachia aende.

Wanawake wawili wakabaki. Mke wa daktari akavua viatu, akatulia kwa uchovu. Haukupita muda Mtawa akaja. Alitua kwenye gogo lenyewe, kando ya kiatu, kiwavi mdomoni, koo lake jekundu kama kaa la moto. Mke wa daktari akamshika mwenzake mkono, akabana pumzi.

Ghafla, juu ya bonde ikalia sauti ya Mtawa, kubwa kama tangazo la mnada. Ndege akaangusha kiwavi, akafyatuka kwenda huko. Ukingoni makinda wakaanza kulia.

"Huyu mtoto wa mama yangu!" Mama Darubini akapandisha mlima mbio.

Alikuta spika imetundikwa tawini. Ndege alikuwa akizunguka kama mwehu, akijipigapiga kwenye majani, na daktari amechuchumaa, kichwa kimezama mkobani.

"Ile lenzi ndogo iko wapi? Mwambieni atulie kwanza!"

Mama Darubini akaipokonya spika, akaizima. Ndege akapotelea vichakani.

"Haya huna?" alimfokea mdogo wake. "Wale makinda wa bonde la chini niliwazika na nani? Si wewe uliyechimba shimo?"

"Dada, mgeni alisisitiza..."

"Mgeni akisisitiza uchome nyumba yetu, utachoma?"

Mdogo wake akainamisha kichwa. Daktari akasimama, uso umemwiva.

"Mama, usitupigie kelele. Nimetoka mbali na bado sijamwona. Piga tena, mara moja tu."

"Mara moja tu! Na meno unang'oa hivyo, mgonjwa akiwa bado anatafuna? Tunashuka sote, sasa hivi!"

Gogoni walimkuta mke wa daktari amesimama pekupeku. "Nimemwona," alisema. "Alitua hapa, kando ya kiatu changu."

Daktari akakitazama kile kiatu kama kwamba kimemtukana. Kisha akajibwaga kwenye gogo. "Basi nakaa. Nitanyamaza hata mpaka jioni."

"Umechelewa," Mama Darubini akamwambia. "Ameshtuka. Akiona mtu hapa leo, haingii kiotani, na watoto wake hawawezi kungoja wewe ujifunze adabu. Inuka."

Wakaondoka, daktari akiburuta miguu nyuma. Walipofika kwenye kona ya njia, vilio vya makinda vikapanda kwa fujo, kisha vikatulia. Mama Darubini akainua darubini. Koo jekundu lilikuwa likiingia ukingoni na kiwavi.

"Ameingia," akasema, akashusha pumzi.

Daktari akageuka kwa kishindo, kamera juu. Mbele yake kulikuwa na majani mabichi na matope. "Wapi? Yuko wapi?"

"Nyumbani kwake," mkewe akamjibu, viatu mkononi, akaendelea kuteremka.

Daktari akabaki ameelekeza lenzi yake kwenye ukingo mtupu, na hapakuwa na wa kumwonea huruma. Mkamia maji hayanywi.