Tajiri wa Siti ya Nyuma

Bwana Shekue, muuza magari wa Tanga mwenye mwili wa haja, alikataa kumpunguzia mteja wake, Bi Kidawa, hata shilingi kwenye bei ya gari la safu tatu za viti. "Safu zote tatu wanakaa watu wazima kwa raha zao," alisema.

"Basi keti wewe nyuma kabisa, twende tukalijaribu," Bi Kidawa alimwomba.

Akajipenyeza. Shangazi watatu wa Bi Kidawa wakajaa safu ya kati, wakamzibia njia, naye Bi Kidawa akashika usukani.

Walipopita Muheza, magoti ya tajiri yalikuwa yamemgusa kidevu.

"Nishushe, mama."

"Kwani pamebana?"

"Hapana. Joto tu."

"Basi tufike Segera."

Kabla ya Segera tajiri alisalimu amri. "Pamebana. Hapa hakai mtu mzima."

Bi Kidawa akafunga breki. "Shangazi zangu mashahidi. Niandikie gari la safu mbili, kwa bei ya safu mbili, ndipo washuke."