Mlango wa Ngwali Uliotangulia Nyumba

Hapo zamani, katika mji wa mawe ulioitwa Shindoni, ambao ukuta wake ulikuwa mrefu na kodi zake zilikuwa ndefu kuliko ukuta, palikuwa na mtu mmoja hohehahe jina lake Ngwali. Ngwali alikuwa amefanya kila kazi iliyopatikana mjini, na hapana aliyemwita mara ya pili. Mkewe, Mize, alikuwa akipika vitumbua, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyowaweka hai. Chakula hawakukikosa sana. Walichokosa ni mahali pa kukilia.

Kwa maana nyumba nyingi za Shindoni zilikuwa mali ya Waziri, naye alizitia makufuli akazikalia, akisema, "Nyumba ni kama tende, ikikaa huzidi utamu." Wengine wenye nyumba walipoona hivyo, wakapangisha kila kitu: roshani, uvungu, hata kivuli cha ukuta wakati wa adhuhuri. Ngwali na Mize walikuwa wamepanga chini ya ngazi ya tajiri mmoja, mahali ambapo mtu akitaka kugeuka usingizini humwomba mwenzake atoke nje kwanza. Siku moja tajiri akawapandishia kodi.

"Kwa sababu gani, bwana?" akauliza Ngwali.

"Kwa sababu ya vitumbua vya mkeo. Siku hizi ngazi yangu inanukia, na ngazi inayonukia haiwi bei moja na ngazi isiyonukia."

"Lakini harufu ni yetu sisi!"

"Na ngazi ni yangu mimi. Tokeni."

Basi wakatoka na vyombo vyao, navyo vilikuwa viwili tu: kikaango cha Mize, na mlango. Mlango ule, pamoja na fremu yake, aliuacha babu yake Ngwali, mtu aliyekuwa na uwezo. Nyumba ya babu ilikwisha kuanguka, mlango ukabaki, nao ndio uliokuwa kitanda chao; ikawa kila asubuhi Ngwali huamka ana maua ya nakshi mgongoni. Wakawa wanalala katika baraza za watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Na mambo yangekwenda hivyo, lau Sultani Badri asingepata habari kwamba wageni wakubwa kutoka ng'ambo wanakuja kumzuru. Sultani huyo alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi, naye hakutaka wageni wake waruke miguu ya watu waliolala. Basi mbiu ikapigwa: "Asiye na nyumba ndani ya ukuta, sala ya Ijumaa isimkute ndani ya ukuta!"

Nje ya ukuta palikuwa na mikoko, tope na ukungu. Ngwali hakujali tope. Lakini Mize alikuwa na kifua, na wakati mmoja walipolazimika kukaa huko, Ngwali alikesha akisikiliza pumzi ya mkewe ikipanda kama mtu apandishaye gunia ngazini. Hakumwambia mtu jambo hilo. Akavaa kanzu yake, akaenda kwa Sultani.

"Bwana wangu," akanena, "nimekuja kuomba nisitolewe. Nyumba ninayo."

"Iko wapi?"

"Haijaamua bado, bwana wangu."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani akainua mkono, akasema, "Ewe Ngwali, nyumba si maneno. Mimi sijapata kupita mlango wa mtu bila kubisha hodi, awe tajiri au maskini. Basi siku nitakayosimama mlangoni pako, nikabisha hodi, ukanikaribisha, nikaingia, siku hiyo nitakiri kwamba una nyumba, wala hapana atakayekutoa humo maadamu mimi ni hai."

"Na iwe Mtaa wa Kasri, bwana wangu," akadakia Waziri, "tusije tukachoka kutembea." Watu wakazidi kucheka, kwa maana katika Mtaa wa Kasri hata kunguru hufikiri kabla ya kutua.

"Vema, Mtaa wa Kasri," akasema Sultani. "Na iwe kabla ya sala ya Ijumaa."

"Nimekubali," akasema Ngwali, na askari mmoja akacheka hata akadondosha mkuki.

Akarudi kwa mkewe, akamkuta ameketi juu ya mlango wao, katika baraza ya muuza samli.

"Sultani anakuja kwetu Ijumaa," akamwambia.

"Kwetu wapi, mume wangu?"

"Simama kwanza, Mize. Umeikalia nyumba."

Sasa, desturi ya Shindoni ilikuwa hivi: mtu akitaka kujenga husimamisha mlango kwanza, kisha kuta huufuata, kwa kuwa walisema mlango ni uso, nao uso hutangulia. Kwa hiyo haikuwa ajabu mlango kusimama peke yake kiwanjani mwaka mzima, mwenyewe akihangaika na mawe. Na mwenye adabu hakuupita bila hodi, hata kama nyuma yake palikuwa na mbuzi tu.

Basi Ijumaa asubuhi Ngwali na Mize wakaubeba mlango mpaka Mtaa wa Kasri, kwenye kichochoro kilichotoka jumba la Sultani kwenda msikitini. Wakausimamisha katikati ya njia, nao ukaenea ukuta hata ukuta, kana kwamba babu alikuwa amekipima kichochoro. Mize akafagia upande wa ndani, akainjika kikaango.

Wa kwanza kuja alikuwa mchukuzi wa maji. Akautazama mlango, akatazama mbingu juu yake, akakuna kichwa.

"Hodi?"

"Karibu," akajibu Mize. "Vua viatu."

"Sina viatu, mama."

"Basi pangusa miguu, nimefagia."

Akapangusa, akaingia, akatokea upande wa pili, akaenda zake. Na wengine wakafuata vivyo hivyo; mmoja hata akauliza kama chumba cha uani kinapangishwa.

Punde ngoma zikasikika, na Sultani akatokea na mwavuli wake wa hariri, wageni wa ng'ambo nyuma yake, wote katika kanzu nyeupe. Wakakuta mlango umefungwa.

"Uvunjeni!" akasema Waziri.

"Nyamaza," akanong'ona Sultani. "Wataka wageni wakasimulie kwao kwamba Sultani wa Shindoni huvunja milango ya watu?"

"Basi tuzunguke, bwana wangu."

Lakini njia ya kuzunguka ilipita katikati ya soko la papa, na kanzu zilikuwa nyeupe mno, na mwadhini alikwisha kupanda mnarani. Waziri akabisha yeye.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza Mize.

"Waziri!"

"Kama umefuata kodi, bwana, leo hatuna. Njoo siku nyingine."

Mgeni mmoja akakohoa, ameziba mdomo kwa ncha ya kilemba chake. Basi Sultani akasogea mwenyewe, akasema kwa upole, "Hodi." Mafuta yakachachatika, hapana aliyejibu. Akasema tena, "Hodi!" Kimya. Naye akijua kwamba hodi ya tatu isipojibiwa mwungwana hurudi alikotoka, akavuta pumzi, akaita kwa sauti iliyorusha njiwa wa msikitini: "Hodi, enyi wenye nyumba!"

Mlango ukafunguka. "Karibu, bwana wangu, karibu ndani," akasema Ngwali, ameinama. "Kwetu ni kwako."

Sultani akaingia. Mize akampa kitumbua, naye, kwa kuwa kukataa chakula nyumbani kwa mtu ni utovu wa adabu, akala. Alipomeza ndipo akatazama juu.

"Ngwali. Paa liko wapi?"

"Liko juu, bwana wangu. Liko juu kidogo kuliko ya watu wengine."

"Bwana wangu, hii si nyumba, hii ni njia!" akafoka Waziri.

"Kama ni njia, sawa," akasema Ngwali. "Lakini hao wageni wamemsikia Sultani akibisha hodi, tena mara tatu. Waziri, wewe ndiwe utakayewaeleza kwamba bwana wetu hubisha hodi barabarani?"

Sultani akawatazama wageni, wageni wakamtazama Sultani.

"Ni nyumba," akasema Sultani upesi. "Tena ina hewa." Akaenda kusali.

Ikawa kulipopambazuka Jumamosi, habari zilikuwa zimeenea, na wote waliotolewa mjini walikuwa wamerudi usiku, wakasimamisha milango. Vichochoro vyote vikajaa: huyu mlango wa kabati, huyu wa banda la kuku, huyu jamvi alilolitundika kwa kamba. Mzee mmoja asiyekuwa na kitu alisimama tu ameunyosha mkono, na kila apitapo mtu aliurudisha nyuma akilia, "Kwiiii!" Sultani alitoka kwenda kuoga hamamuni, akibisha kila mlango; alipofika, sauti ilikuwa imemkauka, naye alikuwa amelishwa mihogo, tambi na dagaa mpaka kanzu inambana. Hata kwa yule mzee alibisha.

Akarudi, akawaita Waziri na Ngwali na mkewe, akanong'ona, "Waziri, yale makufuli yako yana funguo?"

"Yanazo, bwana wangu."

"Zilete zote. Watu waingie majumbani, niweze kutembea."

"Kwa kodi ipi, bwana wangu?"

Sultani akajaribu kunena, sauti ikakataa, akamwonyesha Mize kwa kidole.

"Kwa ile ambayo mtu akikwisha kuilipa hubakiwa na unga," akasema Mize.

Waziri akashika kichwa. Sultani akacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, kisha akamgeukia Ngwali, akanong'ona kwa shida, "Nawe niuzie kichochoro changu."

"Siuzi, bwana wangu, nabadilishana. Nataka chumba cha juu, upande usiofika ukungu."

"Hicho tu? Huombi dhahabu?"

"Hicho tu," akasema Ngwali. Alitaka kueleza sababu, lakini Mize alikuwa karibu, akanyamaza.

Wakapewa chumba cha ghorofani, kikavu, chenye dirisha la mashariki, nao wakakaa humo mpaka uzee wao. Huu ndio mwisho wa hekaya. Aliyecheka acheke zaidi, na mwenye nyumba iliyofungwa bure atafute ufunguo.