Tabaruku ya Riwaya Iliyofungia Karanga

Hapo zamani, tena msinibishie, maana nilikuwepo na macho yangu haya, palikuwa na mwandishi pale Korogwe akiitwa Sikudhani. Aliandika riwaya. Akaipeleka kwa wachapishaji wakubwa, ikarudi. Akazipiga pasi karatasi zilizojikunja, akaipeleka kwingine, ikarudi. Ikapigwa pasi hata ikanuka mkaa.

Ndipo Kibwana, mchapaji mwenye mashine moja ndani ya banda lililokuwa la kuku, akaisoma, akacheka akijipiga mapaja. "Dada, hii naichapa!"

Akaichapa. Ila karatasi zikamwishia kabla ya sura ya mwisho, akavijalidi vitabu vivyo hivyo, kimya. Wanunuzi wakavirudisha kwa matusi. Maboksi yakajaa chini ya kitanda cha Sikudhani, naye kila asubuhi akaipiga pasi sura ile ya mwisho, akingoja siku yake.

Mumewe, Shomari, akachoka kujikwaa. Akayabeba kwa siri, akampa Mama Chausiku, muuza karanga, apate karatasi za kufungia.

Sikudhani kuja kuona riwaya yake imekunjwa pembe, imejaa karanga! Akajifunga kibwebwe, akaenda kupigana. Akakuta foleni.

"Mama Chausiku, za jana ziliishia Sauda kajificha ndani ya pipa, mume anabisha mlango! Nipe za ukurasa unaofuata!"

"Na karanga zenyewe?"

"Kula wewe!"

Hata bwana harusi alikuwemo, kanzu nyeupe, katoroka harusini kwake aje ajue habari za Sauda. Ngumi ya Sikudhani ikalegea yenyewe.

"Mwisho ninao," akasema. "Tena umepigwa pasi."

Mashine ikanguruma upya, safari hii riwaya nzima. Ukabaki ukurasa wa tabaruku. Sikudhani alikuwa ameapa tangu mwanzo: hapo litakaa jina moja tu, la aliyeiokoa.

"Langu hilo," akasema Kibwana. "Wakubwa walikukataa, mimi nikakukubali."

"Ukanikata mkia!"

"Basi langu," akasema Mama Chausiku. "Kitabu kilichowashinda kukiuza, mimi nimekiuza ukurasa kwa ukurasa."

"Bila kuniuliza!"

"Mke wangu," akasema Shomari, "nisingeyatoa, si yangeliwa na mchwa?"

"Mwizi wa chumbani wewe!"

Sikudhani akaangalia pasi yake, akajiuliza moyoni: na mimi niliyekataa kuchoka, mbona simo?

"Jina, dada!" Kibwana akapiga kelele. "Wino unakauka!"

Haya, msinitazame mimi. Nami nikiri moja: yule bwana harusi nimemtia mwenyewe, hadithi bila harusi hainogi. Mengine yote niliyaona, karanga nilikula. Sasa semeni upesi, mashine inangoja: aandikwe nani?